Karatasi Alizopiga Pasi Nsimire

Asubuhi ile ilikuwa Jumanne. Nsimire alikunywa chai amesimama, kama kawaida yake. Akaniangalia miguu, akacheka.

"Baba Darlène, soksi moja ni nyeusi, ingine ni bleu. Utatoka nazo hivyo?"

"Leo si Jumapili."

"Mungu anaangalia hata Jumanne."

Akavaa koti, akateremka. Tunakaa Saint-Gilles, hapa Bruxelles, nyumba ya zamani, ngazi za mbao. Nilisikia viatu vyake mpaka chini. Alikwenda Auderghem, kwenye nyumba za watu alikokuwa anasafisha na kupiga pasi. Mchana nilipigiwa simu kutoka hospitali. Mshipa ulipasuka kichwani. Hakurudi.

Hayo yanatosha. Wamama wa chorale ya kanisa wameniomba niandike juu ya maisha yake. Maisha yote sitayamaliza. Nitaandika ule mwaka wa karatasi, kwa sababu sijaona mtu kufurahi vile.

Ilianza kanisani, mwaka wa 2023, siku za kujaza déclaration ya kodi. Baada ya ibada alisimama Ornella, anayeshika hesabu za chorale. Kazi yake pia ni hesabu. Akasema kuna watu kati yetu wanalipa kodi kuliko inavyopasa, kwa kutojua. Mtu anayemsaidia mzazi wake asiye na kitu, kila mwezi, hata kama mzazi yuko Congo, anaweza kuandika msaada ule, na Leta, yaani serikali, itampunguzia.

"Lakini mukuwe na preuves, karatasi za kushuhudia," akasema Ornella. "Bila preuve, musiandike kitu."

Nsimire alinifinya mkono mpaka ukauma.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haukusikia! Mama yangu! Kila mwezi namutumia mama yangu!"

Watu wa mbele wakageuka. Hakujali.

(Nasikia sasa sheria ile imebadilishwa kwa wazazi walioko nje ya Ulaya. Anayetaka kuandika aulize kwanza. Wakati ule ilikuwepo.)

Mama yake yuko Bukavu, mtaa wa Kadutu. Tangu tukimbie vita Nsimire hakuwa amemwona tena. Passport ya hapa tulishapata. Tiketi ndiyo ilikosekana. Kila ilipokaribia kutimia, mtu aliugua au kilio kilitokea. Sasa alipiga hesabu kichwani, pale kwenye benchi: kodi ikirudi, ndiyo tiketi. Na mama alikuwa amezeeka sana. Hakuna aliyehitaji kulisema hilo.

Ornella akamjazia. Majani yalipoanza kuanguka, barua ikafika kutoka ofisi ya kodi. Mimi nikaona taabu. Yeye akaishika barua kama mwaliko wa harusi.

"Leta inataka kumujua mama yangu!"

Walitaka mambo matatu. Kwanza, kwamba yule ni mama yake kweli. Pili, kwamba hana kitu cha kumtunza. Tatu, kwamba msaada ulimfikia. Wakampa mwezi mmoja wa kujibu.

La kwanza lilikuwa jepesi. Cheti cha kuzaliwa tulikuwa nacho tangu tulipoomba uraia. La pili akaliacha kwa sababu aliona liko wazi. Akaanza na la tatu: bordereaux za kutuma pesa, vile vikaratasi unavyopewa kwenye agence.

Alivitafuta nyumba nzima. Mifukoni mwa makoti, ndani ya Biblia, chini ya magunia ya mchele, kwenye mkoba wa zamani. Vyote vimejikunja. Vingine vilikuwa kama takataka.

"Hizi siwezi kuzipeleka," akasema. "Kwetu muntu haendi mbele ya Leta na karatasi imekunjamana."

Akafungua meza yake ya pasi.

Mkono wake ulijua pasi kuliko kitu chochote. Shati la daktari, kitambaa cha meza cha bibi mmoja wa Auderghem, vyote vilitoka kama vipya. Akalaza kikaratasi cha kwanza, akapitisha pasi mara moja.

Kikawa cheusi chote. Hakuna jina, hakuna namba.

"Eh! Hii ilikuwa mbaya," akasema. Akachukua cha pili, akaweka kitambaa juu. Cheusi. Akapunguza moto, akachukua cha tatu.

"Nsimire."

"Acha! Niko najua pasi."

Cheusi. Alipochukua kingine nikamshika mkono. Tukatazamana.

"Baba Darlène, Shetani iko ndani ya hii papier."

Nikacheka. Nilijua sipaswi, lakini nilicheka. Akanipiga na kitambaa, na yeye akaanza kucheka, halafu akavaa viatu. "Twende Matonge. Sasa hivi."

Agence ilikuwa ya Burhani, mtu wa Bujumbura, pale Matonge, mtaa wa Wakongo, karibu na Porte de Namur, katikati ya saluni mbili. Nsimire akamwekea vile vyeusi mezani. Burhani akavigeuza, akavitazama nyuma.

"Maman, nimeona watu wanachoma mbuzi. Wanaochoma bordereaux, wewe ni wa kwanza."

"Usinicheke, Burhani. Iko ugonjwa gani hapa?"

"Hakuna ugonjwa. Karatasi hii haina wino. Mashine inaiandika kwa joto tu. Wewe umeongeza joto, imejiandika yote." Akainua kimoja ambacho hakijapita kwenye pasi. "Na hiki hapa, hata bila pasi, ukikiacha mfukoni kitafutika. Siku unayokipokea, piga photocopy siku hiyo hiyo."

"Na sasa?"

"Sasa ngoja."

Akabonyeza mashine yake. Ikatoa orodha ya mwaka mzima, kila mwezi na tarehe yake, na jina la Nsimire juu. Nsimire akaibusu orodha. Akataka kumbusu na Burhani. Burhani akarudi nyuma na kiti chake.

"Maman, subiri. Huyu Donat ni nani?"

"Donat gani?"

"Huyu anayepokea. Kila mwezi ni Donat. Ndiye mumeo wa Bukavu?"

"Donat ni fundi wa viatu!" Nsimire akapiga kelele mpaka watu wa saluni wakachungulia.

"Bon. Basi kwa Leta umemsaidia fundi wa viatu mwaka mzima."

Nieleze. Mama hakuwa na kadi yoyote ya utambulisho, ilipotea zamani. Kwa agence ya Bukavu, bila kadi hupewi kitu. Donat ni mzee kama mimi, anashona viatu mbele ya lango la mama. Yeye alikuwa anakwenda kupokea, anamtilia mama mkononi. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Pesa ya mzee inapita kwa mtu anayeaminika, na mzee hasaini popote.

Ornella akatupa njia. Mama aende kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa, aandikiwe attestation d'indigence, kwamba hana kitu. Na humo waandike kwamba Donat ndiye anayemletea, na mama aweke kidole chini. Itajibu la pili na la tatu pamoja.

Nsimire akampigia simu mama, sauti iko juu, mimi nasikia.

"Indigente?" Mama anajua Kifaransa kidogo, na neno lile alilijua. "Ni mimi?"

"Mama, ni karatasi tu."

"Muntu iko na watoto, anaitwa maskini? Nisimame mbele ya chef, bamama ba quartier banasikia, niseme niko maskini?"

"Mama..."

"Na kidole niweke ju ya nini? Nilikukopa? Wewe ulikula kwangu, nilikusainisha?"

Akakata.

Nsimire akakaa na simu mapajani. Nikamwambia tuache, tiketi tutaitafuta namna nyingine. Akakataa. Siku zikaenda. Akamtuma Donat akambembeleze mama. Donat akapiga simu kwa sauti ya chini:

"Maman Darlène, mama amenifukuza. Nimekimbia na kiatu moja ya client mukononi."

Mwezi wa Leta ulikuwa unakwisha. Asubuhi moja Nsimire akaacha chai, akampigia mama tena. Safari hii hakumwomba kitu.

"Mama, nakusalimia tu. Roho inaniuma. Niliwaambia batu ba Leta kama nasaidiaka mama yangu. Banasema hapana mushuhuda."

Mama akapandisha sauti.

"Banasema uko mwongo?"

"Hawakusema vile. Banasema nilete preuve."

"Mutoto wangu! Banamuita mwongo!"

"Mama, sikusema..."

"Donat!" Tulisikia anaita langoni. "Donat, acha viatu! Vaa shati!"

Kesho yake simu ikalia, simu ya video. Donat alikuwa ameishika juu, inatikisika. Tukaona ofisi ya quartier, meza, kijana mwandishi na muhuri wake. Tukaona mama, amevaa liputa, kitenge chake cha sherehe, na kitambaa kichwani, mwavuli mkononi. Nsimire akaweka vidole mdomoni. Miaka mingapi, na mama amesimama vile.

"Andika," mama akasema.

"Maman, iko modèle. Tunaandikaka: la nommée est indigente."

Mwavuli ukapiga meza. "Futa iyo."

"Ni modèle ya Leta, maman."

"Leta haikunizala. Andika hivi: sina shamba, sina pension, bwana yangu alikufa. Nakulaka mukono ya mutoto wangu Nsimire, ule iko Belgique. Umeandika?"

"Naandika."

"Kila mwezi. Hajaruka. Donat ndiye ananiletea, na hajaiba hata mara moya."

"Iyo ya kuiba pia niandike?"

"Andika!"

Picha ikaruka juu, tukaona dari. Ilikuwa Donat anapiga kelele: "Andika, chef! Andika iyo!"

Hapa kwetu Nsimire alikuwa anaruka. Mwanamke wa miaka ile, anaruka kwenye sebule ndogo, sahani zinalia kabatini. Kijana akasoma yote kwa sauti, mama akaweka kidole chake kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi kama anaua kunguni. Watu wa foleni wakapiga makofi.

Karatasi ikaja kwa mkono wa msafiri mmoja wa kanisa. Tukaipeleka ofisi ya kodi wenyewe, ndani ya siku zetu. Safari hii hapakupigwa pasi kitu. Alitupokea mama mmoja mrefu, miwani kwenye kamba. Akasoma polepole. Cheti cha kuzaliwa, sawa. Orodha ya Burhani, sawa. Akafika kwenye ile ya mama wa Bukavu, akasoma, akarudia.

"Madame, huyu bwana Donat... hajaiba kamwe?"

"Jamais, madame," Nsimire akajibu, uso mkavu kabisa.

Yule mama akashika mdomo. Akatazama dirishani kidogo. Kisha akapiga muhuri wa kupokea, akasema jibu litakuja kwa posta.

Lilikuja baridi ilipokuwa inaisha. Nsimire aliifungua bahasha kwenye ngazi, hakungoja kufika juu. Nilisikia mlio mmoja. Jirani yetu Sudi wa chini akatoka na ndoo ya maji, akadhani ni moto.

"Banakubali!" Nsimire anamwambia. "Tonton Sudi, banakubali! Yote!"

"Nini?"

"Mama yangu!"

Sudi akaweka ndoo chini, akampongeza. Mpaka leo sijui alielewa nini.

Tangu siku ile wamama wa chorale hawakupumua. Akimkuta mtu anatoka kwa Burhani na kikaratasi, anamshika bega. Photocopy? Umeandika ni ya nini? Anayepokea ni mzazi mwenyewe au fundi wa viatu? Hata mama yake mwenyewe, Nsimire alimsumbua mpaka akapata kadi, apokee kwa jina lake. Donat alinung'unika kidogo, kwa sababu alizoea kuonekana pale agence. Makosa yale ya pasi Nsimire aliyasimulia mwenyewe, kwa sauti, na vikaratasi vyeusi akavionyesha kama mfano.

Kodi ikarudi. Tiketi ikanunuliwa, Bruxelles mpaka Kigali, halafu gari mpaka Bukavu. Alikaa kwa mama yake likizo nzima, wakalala kitanda kimoja. Ya kule ni yake na mama yake. Mimi niliyoyaona ni ya uwanja wa ndege wa Zaventem tu, siku anaondoka.

Alivaa nguo mpya. Sanduku lilikuwa zito kupita kiasi, tukatoa viatu viwili na sufuria moja pale chini, watu wanatupita. Hakuona haya. Alikuwa anaongea na kila mtu wa foleni, anawaambia anakwenda kwa mama yake. Tulipofika mahali ambapo mimi sipiti, akaingia, akatembea kidogo, akasimama. Akarudi mbio mpaka kwenye kamba. Nikadhani amesahau passport. Akashika kola yangu, akasema:

"Baba Darlène, courrier ya posta ikifika usitupe karatasi hata moja, hata ile ya duka, ya promotion ya kuku. Niache nirudi, nitaangalia mwenyewe."