Aliyesingiziwa Chakula cha Mbwa

Kuna watu wakikosewa hupeleka kilio kwa mchungaji, wengine kwa kadhi, na wengine hulia peke yao wakanyamaza. Sidi Kenga hakuwa mmoja wao. Sidi akikosewa hutafuta mahali pazuri pa kukaa, akangoja. Mwaka wa 1996 mahali penyewe palikuwa soko la Marikiti, mkabala na mabucha, alipoketi na ndimu, ukwaju na chupa za asali kutoka kwao Ganze. Aliyekuwa akimngoja ni Bi Mirriam.

Miaka minane alimfanyia Bi Mirriam kazi ya nyumba kule Kizingo, na katika miaka hiyo hakikupotea hata kijiko. Bi Mirriam naye ni mtu wa Kilifi vilevile, mtoto wa wakulima wa mihogo kama Sidi, ila yeye alisoma, akapata kazi ya ofisi katika kampuni moja ya meli, na kutoka hapo akasahau muhogo unavyochimbwa. Bosi wake Mzungu alipomaliza mkataba akarudi kwao, alimwachia mbwa. Mbwa mwenyewe mweupe, manyoya ya kujikunja, mdogo kiasi kwamba ukimtia kwenye kikapu cha sokoni bado unapata nafasi ya nyanya. Wakamwita Bisi.

Daktari wa mifugo aliyekuja kumdunga sindano alimkuta Sidi peke yake nyumbani, basi maagizo akampa yeye.

"Mama, usimlishe huyu kama unavyolisha mbwa wa boma," alimwambia. "Tumbo lake dogo. Mpe nyama ya kusaga kikombe kimoja cha kahawa, hivi vidogo visivyo na mkono, mara nne kwa siku. Ukizidisha atanenepa, moyo umshinde. Na ukimwacha na njaa saa nyingi, sukari ya mwilini itamwishia, atetemeke, aanguke. Akianguka mpake kitu kitamu kwenye fizi upesi, la sivyo utamzika."

Sidi hakuwa na saa ya mkononi, basi alimlisha Bisi kwa adhana. Kikombe cha kwanza alimpa akifika asubuhi, cha pili Adhuhuri, cha tatu Alasiri. Cha nne alikiacha kwenye friji, Bi Mirriam ampe usiku. Wenzake wa kanisani walimcheka, Mkristo mzima kulisha mbwa kwa sauti ya muadhini, lakini Bisi alikuwa na afya na macho maangavu.

Shida ilitoka kwenye kikombe hicho cha nne. Bi Mirriam akikaa mbele ya televisheni, Bisi akimtazama kidogo tu, mama anainuka kuchota. Dakika kumi, anatazamwa tena, anachota tena. Nyama ya kusaga ya wiki nzima ikawa inaisha Jumatano. Badala ya kujiuliza mkono wake mwenyewe unafanya nini usiku, akaanza kumtafuta mwizi mchana.

Jumamosi moja walikwenda Marikiti pamoja, Sidi nyuma na kikapu. Bi Mirriam akasimama mbele ya bucha la Sheikhan, akapaaza sauti.

"Nikatie kilo mbili leo. Moja ya mbwa, na moja ya huyu hapa, maana siku hizi naona wanakula sahani moja."

Sheikhan alicheka mpaka kisu akakiweka chini. Hamali mmoja, Tsuma, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe, akadakia, "Mla cha mbwa!" Soko zima likaangua kicheko.

"Mama, mimi?" Sidi aliuliza.

"Nani mwingine? Nyumbani tuko wawili."

Sidi alikiweka kikapu chini papo hapo akaondoka, na hakurudi hata kuchukua viatu vyake. Mtu unaweza kumwita mvivu, unaweza kumwita mchawi, akalala akaamka. Lakini kumwambia mama wa watoto watano kwamba anashindania sahani na mbwa ni kumvua nguo barabarani. Jina lile lilipanda basi likafika Ganze kabla yake. Shemeji zake walilitamka kwa kikohozi, huku wakitazama pembeni. Sidi aliapa kwamba maneno yale yatafutwa na mdomo uleule, mahali palepale, mbele ya watu walewale. Ndiyo maana alipoanza biashara alichagua kukaa mbele ya bucha la Sheikhan. Tsuma alipita kila siku akimwita jina lile.

Bi Mirriam alimwajiri Mejumaa, mjane wa mtaa wa Kuze, mpishi hodari, aliyekuwa akimsukumia Bisi sahani kwa ncha ya fagio ili asiguswe na mate yake. Mejumaa alikuwa akinunua ndimu kwa Sidi, na siku moja akamwambia, "Dada, nyama yaisha vilevile. Mwenyewe ndiye ampaye usiku, nimemwona kwa mato yangu."

"Na yeye anajua?"

"Yuwajua. Nalimwambia. Akaniuliza habari ya sabuni."

Kumbe anajua! Anajua, na kila Jumamosi anapita hapa na mkoba wake kana kwamba ndimu zinajiuza zenyewe! Usiku huo Sidi hakula.

Januari, joto la kaskazi likiwa limekaza, daktari akamkaripia Bi Mirriam kwamba mbwa amenenepa kama nguruwe, na Bi Mirriam kwa hofu akaacha kabisa kumpa chochote usiku. Wiki hiyohiyo Ramadhani ikaandama. Mejumaa akaja sokoni anacheka.

"Mimi na saumu yangu sisimami saa saba kunusa nyama ya mbwa. Nimemfanyia daku. Vikombe vyote vinne nampa asubuhi nifikapo, basi, mpaka kesho. Watoto wa miaka saba wafunga, seuze mbwa!"

Sidi alijua yatakayotokea. Bisi angekula kiasi cha tumbo lake, kilichobaki kingechacha kwa joto na kuliwa na sisimizi, na kutoka hapo njaa mpaka asubuhi ya pili. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Kisha Tsuma akapita na mkokoteni wake. "Hujambo, Mla cha mbwa!" Sidi akalimeza neno. Akamchagulia Mejumaa ndimu zenye maji, akamwongeza mbili.

"Saumu njema, dada," akamwambia.

Ijumaa ya pili ya mfungo, baada ya Adhuhuri, teksi ilifunga breki mbele ya soko. Bi Mirriam akashuka mbio, kiatu kimoja mguuni, kikapu mikononi, Mejumaa nyuma yake. Ndani ya kikapu Bisi alikuwa amelala ubavu, miguu inatetemeka, ulimi nje.

"Sidi! Daktari amefunga kliniki, ameenda msikitini hajarudi. Wewe unamjua. Nisaidie, yuwafa!"

Sidi aliweka mkono juu ya chupa ya asali. Hakuifungua.

"Nani alikula nyama ya mbwa, mama?"

"Sidi, si wakati wa—"

"Ni wakati wake. Sheikhan yupo. Tsuma yupo. Uliwaambia wao, si mimi. Waambie tena."

Watu wakakusanyika. Bi Mirriam akatazama huku na huku, akitafuta uso wa kumwonea huruma, asiupate. Bisi akajinyoosha mara moja, akalegea. Hapo machozi yakamtoka mama wa ofisini, na sauti ikamtoka pamoja nayo.

"Hakula! Sidi hakula kitu! Ni mimi niliyekuwa nikimpa usiku, nikamsingizia. Nilijua, nikaona aibu kusema. Sidi ni mtu mwaminifu, hakuna kama yeye. Haya, mmesikia?"

"Tsuma, umesikia?" Sidi akauliza.

"Nimesikia, mama," alisema Tsuma, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Kizibo kikatoka. Sidi alichovya kidole, akaipaka asali kwenye fizi za Bisi, juu na chini, akasugua, akapaka tena. Baada ya muda ulimi mdogo ukatikisika, ukalamba, macho yakafunguka.

"Nisamehe, Sidi," Bi Mirriam akasema. "Rudi nyumbani."

"Nimesikia," Sidi akajibu, akafunga chupa.

Mejumaa alikuwa bado amesimama pembeni, paji la uso limekunjamana kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Lakini dada Sidi, mimi nalikwambia habari ya daku. Mfungo wenyewe ulikuwa na siku mbili."

"Uliniambia," Sidi alisema. "Hukuniuliza."

Bi Mirriam akainua uso, akamtazama. Alielewa. Alifungua kinywa aseme, lakini watu walikuwa wangali wamemzunguka, nao walikuwa wametoka kumsikia kwa masikio yao akiapa kwamba Sidi Kenga ni mtu mwaminifu. Akakifunga, akachukua kikapu chake, akarudi kwenye teksi.