Mkeka Mkavu kwenye Boti ya Zahanati

Walimwita Msasa kwa sababu ya viganja vyake, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza maboti ya faibaglasi katika karakana ya baba yake. Alianza kwa kuosha brashi, akaja kuwa fundi ambaye wateja walimuulizia wakiwa bado langoni.

Kisha mdogo wake wa kike akarudi kutoka chuoni na cheti cha ufundi wa maboti. Baba akakitundika ukutani, juu ya rafu ya makopo, mahali ambapo Msasa hakuweza kuinua macho asikione. "Hata mimi mwenyewe sina kama hiki," mzee aliwaambia wateja. Msasa akawa anauma meno na kusawazisha maboti kwa grainda.

Siku moja ililetwa boti ya zahanati, inayovusha wagonjwa, ikiwa na ufa wa urefu wa mkono ubavuni. Msasa alikwishavaa ovaroli baba alipomwita mdogo mtu.

"Hii utaisimamia wewe, mwanangu. Dada yako atakusaidia."

Atakusaidia! Nyumbani Msasa alimlalamikia mumewe. "Nimekula vumbi miaka yote hiyo, leo mimi ndiye msaidizi!" Mume akajaribu kumtuliza, akaambulia mgongo.

Mdogo mtu alichagua epoksi, rezini ya kugandishia faibaglasi, badala ya poliesta waliyoizoea, kwa kuwa epoksi hung'ang'ania ganda la zamani vizuri zaidi. Hapo hakukosea, na hilo nalo lilimuuma dada. Ila kutoka stoo alikuja na mkeka wa faibaglasi, ule wa nyuzi fupi zilizoshikanishwa kwa unga. Poliesta huuyeyusha unga ule, nyuzi zikalainika na kulowa. Epoksi haiuyeyushi. Msasa alilijua hilo, maana aliwahi kujaribu akiwa peke yake, kiraka kikaharibika, akakibandua na kukitupa bila kumwambia mtu.

"Dada, mkeka huu utafaa?"

"Si wewe uliyesoma?"

Mdogo mtu akacheka, akidhani anataniwa. Msasa akamchanganyia kigumishi cha kugandisha rezini kwa kipimo sahihi, akamshikia ndoo, akamtazama akisukuma roli ya manyoya ya kupakia rezini mpaka jasho likamtiririka. Nyuzi zilibaki kakamavu, nyeupe hapa na pale. Msasa alisikia raha mbaya, raha ya mtu anayekuna kidonda.

Kesho yake baba aligonga kiraka kwa kifundo cha kidole. Kikatoa sauti ya kitu kitupu. Akachomeka ncha ya kisu, tabaka zikaachana.

"Hiki kingetuulia mgonjwa," alisema.

Msasa alingoja atajwe. Mdogo wake alikuwa akitazama viatu. "Kosa langu, baba. Ningejaribu kipande kidogo kwanza. Dada hahusiki, yeye alinisaidia tu."

Mdogo wake angelia au kujitetea, Msasa angenyamaza. Lakini kukingiwa kifua na huyu!

"Nilijua," akasema. "Aliniuliza, nikamficha. Nilimwonea wivu."

"Wivu wa nini?" baba akauliza.

"Cheti chake umekitundika ukutani. Mimi umenitundika wapi?"

Mzee akakaa juu ya pipa.

Kwa siku mbili ndugu hao wawili walisaga kiraka chote, barakoa usoni. Siku ya tatu Msasa alitandika kipande cha kitambaa cha faibaglasi kilichofumwa, akakimiminia epoksi. Weupe ukatoweka, kikawa angavu kama kioo.

"Hiki hakina unga," alisema. "Kinakunywa rezini chenyewe."

"Ungeniambia tangu mwanzo."

"Ndiyo, nilipaswa kukwambia."

"Sijakusamehe bado, dada."

"Najua. Shika roli."

Boti ilipojaribiwa majini haikuingiza hata tone. Mhudumu wa zahanati alimpa mdogo mtu mkono wa pongezi, akampita Msasa, aliyekuwa ameshaanza kupaka rezini boti nyingine kwa roli, kama hakumwona. Ikamchoma tena, palepale.

"Nimeona wivu sasa hivi," akamwambia mdogo wake.

Mdogo mtu akamtazama juu mpaka chini. "Mimi nakuonea wivu tangu niko darasa la pili. Kila likizo baba alikuja na wewe huku, mimi nikaachwa nyumbani kufua."

Msasa hakuwahi kulifikiria hilo. Alisimama na roli mkononi mpaka rezini ikaanza kugandia kwenye manyoya yake.