Onja Kwanza, Baba

Baba mdogo ndiye aliyemuua ng'ombe wa mama, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kutoa pole. Aliketi kwenye kiti cha marehemu baba, akatafuna punje za kahawa nilizomkaribisha nazo, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Shemeji, ni mapenzi ya Mungu," akasema. Mama akamshukuru huku akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi pia nilimshukuru, kwa magoti yote mawili, maana nilikuwa sijajua. Shukrani ile inaniuma mpaka leo.

Kwetu Ijumbi ng'ombe si maziwa tu. Ni samadi, na kibanja kisichopata samadi kinakonda mpaka migomba inatoa mikungu ya kuchekesha. Mama alikuwa na ng'ombe huyo mmoja na ndama wake. Ng'ombe alikwenda mtoni kunywa maji, akarudi akiyumba, akaanguka nyuma ya jiko akitoka povu. Bwana mifugo alimtazama akasema hii ni sumu, msile nyama yake. Mama akadhani ni majani fulani. Tukamfukia, nami nikaomba ruhusa kazini Bukoba nibaki nyumbani kidogo, kwa sababu mama alikuwa hataki hata kuinuka kitandani.

Asubuhi moja nikapanda juu kuufuata mto, nimkatie ndama majani. Nikamkuta baba mdogo amesimama ndani ya maji, suruali ameikunja magotini, anaokota samaki kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika. Kambare na ningu, wakubwa kwa wadogo, wote wameelea matumbo juu. Ukingoni ilikuwa imelala chupa tupu ya dawa ya kupulizia kahawa. Wale wakubwa aliwatia kwenye beseni. Wadogo, wasiotosha hata kijiko, aliwatupa majanini waoze. Hakuniona.

Marehemu baba alivua katika mto huohuo maisha yake yote. Alitega migono aliyoisuka mwenyewe, na wadogo walionaswa aliwarudisha majini huku akiwagombeza kama watoto watoro. Mvua zikianza na samaki wakapanda kwenda kutaga, migono aliitundika jikoni, sisi tukala maharage mpaka tukanuna. "Ghala likiisha unalijaza mwenyewe," alituambia. "Mto ukiisha utaujaza na nini?" Na huyu mdogo wake, ambaye alifundishwa kusuka mgono na mikono ileile, alikuwa ameona kusuka ni kazi ndefu mno.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akaniuliza kama ile chupa ninayo mkononi. Nilirudi kuichukua, nikakuta haipo. Nikamwambia mama, akanikatiza. "Ni damu ya baba yako. Usiniletee maneno." Na yeye mwenyewe, bomba likikauka, huchota maji ya mto huohuo! Sasa sikuwa nikimlilia ng'ombe tena. Niliona siku nitakayopigiwa simu kule Bukoba nije kumzika mama, na baba mdogo atakuwa wa kwanza kuja kutoa pole.

Kisasi ni cha Bwana, tunafundishwa kanisani. Sikumnyang'anya kazi yake. Nilimpunguzia tu.

Nilingoja posa ya mdogo wangu wa kike. Kwa kuwa baba hayupo, baba mdogo ndiye angekaa kama mwenye nyumba, na alilifurahia sana hilo. Alifika mapema na kikapu. "Wapikieni wageni," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Samaki wa mto wetu, nimewavua mwenyewe." Nikakipokea kikapu kwa mikono miwili. Nikawapika peke yao, kwenye sufuria yao, na hakuna mkono mwingine niliouruhusu kugusa mfuniko. Wageni walikuwa na ndizi zao na kuku wao.

Kwetu mwenye nyumba hampi mgeni pombe kabla hajaionja mwenyewe. Ni namna ya kusema kibuyu hiki hakina ubaya. Baba mdogo akashika kibuyu cha lubisi, akanyonya, akampa mshenga wa upande wa pili, watu wakafurahi. Ndipo nikaingia na sahani ya samaki, nikapiga magoti mbele yake, nikamwita kwa neno letu la heshima.

"Baba, waitu, onja kwanza, wageni wapate kula."

Akacheka. "Kinachoonjwa ni pombe, mwanangu. Wape wageni."

"Umewavua mwenyewe, baba. Wageni waone anayewakirimu."

Wageni wakapiga makofi, masikini, wakidhani ni madaha ya sherehe. Akachukua kipande. Akakishika. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, nami nilifurahi, sitaficha.

"Samaki hunisumbua tumbo," akasema, akakirudisha.

"Hata ng'ombe wa mama alisumbuliwa na tumbo."

"Mae!" akaguta shangazi. Mshenga akaweka kibuyu chini taratibu. "Mzee," akamuuliza, "samaki hawa umewavua kwa kitu gani?" Baba mdogo akafuta vidole kwenye suruali. Mama alikuwa mkekani na wanawake wenzake. Alimtazama shemeji yake mpaka shemeji akainuka akatoka kwa mlango wa nyuma. Samaki niliwatia shimoni, nikawafukia. Mzee mwingine wa ukoo ndiye aliyemaliza mazungumzo ya posa.

Ukoo ulipokaa, wazee wakataka yaishe kama yanavyoishaga: alete mbuzi, alete lubisi, tule, tunywe, tupeane mikono. Nilifungua kinywa nikatae, lakini mama alinitangulia.

"Mbuzi wenu sitaki," akasema. "Kila asubuhi aniletee maji ya mto, ya kwangu na ya ndama. Na kabla sijayapokea, ayaonje mbele yangu."

Wazee wakacheka, wakidhani ni utani. Mama hakucheka. Nilikuwa nimejiona mimi ndiye mwenye kisasi katika nyumba ile. Wapi! Mimi nilikuwa mwanafunzi.

Basi anachota. Anakuja na ndoo, anachovya kikombe, anakunywa mpaka mwisho, hata msimu wa mvua maji yanapokuwa ya tope. Hakuna aliyeona tena samaki wakielea katika mto ule. Ndugu wananipigia simu: mtu mzima yule, mwonee huruma, mwambie mama yako amwachie. Nawasikiliza mpaka salio lao linakwisha. Na nikiwa Ijumbi, kikombe namshikia mimi. Napiga magoti kama nilivyolelewa, natazama koo lake likipanda na kushuka, na akibakiza kidogo namwambia, "Maliza, baba."