Mshale wa Mkwe

Pelagia wa Kwihara alikuwa na sauti ya kusomea watu, na alijua kwamba anayo. Kwa miaka mingi somo la kwanza pale kigangoni lilikuwa lake, na hata waliozoea kusinzia waliamka akifika mimbarini, si kwa utakatifu bali kwa kuogopa kutajwa baadaye. Macho ndiyo yaliyomgeuka. Herufi za kitabu zikawa kama chawa, miwani ya mnadani ikazidi kuzitia ukungu, naye badala ya kukiri akaanza kusoma kwa kichwa. Jumapili moja akasoma, kwa madaha yote, somo la Jumapili iliyopita. Watu wakaitikia "Tumshukuru Mungu" kama kawaida yao. Katekista Wenceslaus peke yake ndiye aliyegundua. Akamwita pembeni, akamwambia kwa upole kwamba likitokea tena, somo atapewa mwalimu Julieth, ambaye bado ana macho mazima.

Upole ule ulimuuma kuliko matusi. Pelagia alikuwa amezika mume, amelea watoto, amelima karanga na tumbaku, na katika yote hayo kitu pekee alichokiona ni chake mwenyewe, asichompikia mtu wala kumchotea maji, ni zile dakika chache za kusoma. Hakuwa tayari kumwachia Julieth.

Habari ikamfikia Alois, mume wa binti yake Mektilda, fundi wa simu na kompyuta mjini Tabora. Alois alikuwa na kishikwambi cha kizamani, cha kuenea kiganjani, alichoachiwa zawadi na mzungu mmoja aliyekuwa akiifuata njia ya misafara kwa baiskeli hadi Ujiji. Kiliendeshwa na mfumo wa Linux, na uzuri wa Linux, kama Alois alivyopenda kueleza hata kwa ambao hawajauliza, ni sawa na uzuri wa lori: injini inabaki ileile, bodi unajichagulia. Hiyo bodi mafundi huiita deskitopu, ndiyo sura unayoiona kwenye kioo na mahali pa kugusa. Ile iliyokuja na kishikwambi ilijaa vipicha vidogo kama mbegu za ulezi. Kwa mtu wa kukuziwa herufi za somo, ilibidi itafutwe nyingine.

Shida haikuwa Linux. Shida ilikuwa adabu. Pelagia ni Mnyamwezi wa kizamani, na kwake yeye mkwe hakai naye mkeka mmoja, hamtazami usoni, wala hawaonani wakila. Tangu Alois amwoe Mektilda, mazungumzo yao yalikuwa shikamoo ya kurushwa kutoka nje ya ua na marahaba ya kurudishwa kutoka jikoni. Sasa mkweo utamfundishaje kioo cha kiganjani bila vichwa viwili kugusana?

Ndipo akaitwa Abbasi, jirani mwenye bodaboda, Mzaramo ambaye babu wa babu yake alifika na mzigo kichwani, akanogewa na asali ya Tabora, akasahau njia ya kurudi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani hupita pale mkwe anapokwama. Alois aliketi uani, mgongo kwa nyumba. Pelagia aliketi ndani ya kizingiti. Abbasi akawa wa kupeleka kishikwambi na maneno. Kishikwambi alikifikisha kama kilivyo. Maneno aliyatia chumvi.

Deskitopu ya kwanza ilikuwa ya kiofisi, dirisha juu ya dirisha. Alois aliisifu sana kwa sababu ndiyo aliyoitumia yeye. Pelagia alifungua moja, likamfungukia jingine, mwisho akasema hayo ni madirisha ya mtu wa kuchungulia majirani. Abbasi akaenda kumwambia Alois kwamba mkwewe kamwita mmbea. Ya pili ilifanana na simu za vijana, ukiigusa inateleza. Abbasi aliipenda mno, lakini Pelagia alisema inamkimbia kama kifaranga. Ya tatu Alois aliitoa kwa aibu, maana haikuwa na urembo wowote: kioo cheusi, maneno machache meupe na manene, ukigusa neno kitabu kinafunguka na kujaza kioo chote.

Pelagia aligusa neno moja, akatoka, akagusa tena. Kisha akasema hii sasa ni nyumba ya tembe, mlango mmoja, ukishaingia umeingia. Akaichagua hiyo, na Alois akameza maneno yote aliyokuwa ameyaandaa juu ya ile ya kiofisi.

Ili amsaidie bila kumsogelea, Alois aliunganisha kishikwambi na simu yake, akawa anakiona kioo cha mkwewe na kukiendesha kutoka uani. Mshale mdogo ukatokea mbele ya Pelagia, ukaanza kutembea. Akakifunika kishikwambi kwa khanga, akauliza kama huo mshale ni mkono wa mkwe. Abbasi, kwa furaha aliyoshindwa kuificha, akathibitisha kwamba ni mkono wake na vidole vyake vyote. Ikatoka amri: mkwe asiingize mshale bila kubisha. Tangu hapo kila Alois alipotaka kuingia, aliandika kwanza "Hodi" kwa herufi kubwa. Pelagia alijitengeneza khanga, ndipo akamtuma Abbasi apeleke ruhusa.

Likabaki jambo moja baya. Pelagia alizoea kitabu, na ukurasa wa kitabu aliufungua kwa kidole alichokilamba kwanza. Kioo kikilowa mate kinachanganyikiwa. Alois aliona kwenye simu yake kurasa zikiruka ovyo, akajua sababu, lakini mtu atamtajia vipi mama mkwe ulimi wake? Akamnong'oneza Abbasi amweleze kwa heshima. Abbasi akaingia, akamtazama Pelagia akilamba kidole, akatoka akasema tayari ameshamwambia. Hakuwa amesema neno. Baadaye alijitetea kwamba mtani asiyeharibu kidogo ni mtumishi tu.

Jumapili ikafika. Julieth alikaa benchi la mbele, gauni limenyooshwa, kitabu kimefunguliwa palepale kwenye somo, kwa tahadhari. Alois alikaa upande wa wanaume, simu mkononi. Abbasi, ambaye hakuwa na haja yoyote kanisani, alikuwa nje ya dirisha juu ya pikipiki yake, akidai anasubiri abiria.

Pelagia akapanda mimbarini na kishikwambi chake, akasoma. Lilikuwa somo la nabii anayewaita wenye kiu waje majini, na herufi zilikuwa kubwa kama punje za mahindi. Sauti ilimtoka kama zamani, na kwa furaha hiyo akalamba kidole vizuri zaidi kuliko siku zote. Akagusa. Kitabu kikajifunga. Akagusa tena, ikatokea picha ya Abbasi akiwa juu ya pikipiki, aliyojipiga mwenyewe siku ile ya kupeleka maneno.

Wenceslaus akakohoa. Julieth akanyanyuka nusu, kitabu kifuani. Pelagia aliogopa kweli. Kumalizia kwa kichwa angeweza, lakini ndilo kosa lililomfikisha hapo.

Juu ya picha ya Abbasi yakatokea maneno meupe: HODI, MAMA. Siku zote ilikuwa hodi tupu. Na leo hapakuwa na wa kupeleka ruhusa. Pelagia akainua uso, akatazama upande wa wanaume, akamwangalia Alois machoni kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wake.

"Karibu, baba," akasema.

Waumini walikuwa wametoka kusikia wenye kiu wakikaribishwa, wakaona ni nabii anaendelea. Mmoja nyuma akaitikia "Amina". Mshale ukaingia, ukafungua kitabu palepale alipoachia, na kurasa zilizobaki Pelagia hakuzigusa, ziligeuka zenyewe hadi alipotamka "Neno la Bwana". Julieth akaketi.

Nje, Wenceslaus alitaka kujua hiyo "Karibu, baba" imeandikwa wapi, maana kitabuni kwake haimo. Pelagia akamjibu kwamba kitabu chake kina herufi ndogo, atazame vizuri. Kisha akamwita Abbasi.

"Nenda kamwambie mkwe wangu amenisemesha mbele ya watu. Alete kuku."

Kwao huyo ndiye kuku anayeondoa haya. Akiliwa, mkeka unakuwa mmoja. Abbasi aliufikisha ujumbe huo bila chumvi, maana alijua ndio wa mwisho na anapoteza kazi. Alifarijiwa kwa shingo ya kuku huyo.

Wakala pamoja, Pelagia, Alois na Mektilda, na mtani mlangoni na shingo yake. Pelagia akamaliza paja, akavilamba vidole kimoja kimoja, bila haraka, mbele ya mkwe wake. Kishikwambi kilikuwa pembeni yake. Alois akakitazama, akavitazama vidole, akajikaza.

"Mama," alisema, "hicho kidole."

Pelagia akamgeukia Abbasi kwanza, akamtazama mpaka shingo ya kuku ikamkwama kooni. Kisha akamrudia Alois.

"Hiki ni cha kuku, baba," akasema. "Cha Jumapili nitakifuta."