Kaka Yangu Shujaa, Nilimchoma Mimi

Jamani, niliyemchoma kaka yangu ni mimi. Jina sitaji, lakini kunyamaza nimeshindwa.

Kaka alirudi vita ya Uganda na nishani ya ushujaa. Aliwavuta wenzake wawili kutoka kwenye risasi, vipande vya chuma vikabaki mgongoni mwake. Kwetu Bukima walikuwaga wanamwita Shujaa. Mimi? "Mdogo wake Shujaa," basi! Hata mama, akipika samaki, sato mkubwa alimwekea yeye.

Wivu, ndugu zangu, wivu!

Miaka ile ya shida sabuni haikuonekana madukani. Shemeji alijifungua mapacha, akawa anafulia nepi kwa majani ya mpapai. Kaka akavuka mpaka wa Kenya pale Sirari, akarudi na maboksi mawili ya sabuni, nyingine akawagawia majirani. Msako wa walanguzi ulipoanza, nikamnong'oneza mtu wa kamati ya msako kwamba Kaka anauza sabuni za magendo. Nilidhani watamwaibisha tu!

Walikuja asubuhi na lori. Kaka akatoka amevaa nishani yake.

"Vijana, hii ni sabuni ya watoto."

"Nishani siyo kibali cha magendo. Panda!"

Mimi nimesimama pale pale, natazama.

Kesho yake nikaenda polisi Musoma kusema nilitia chumvi. Afande akacheka. "Sabuni tumeikuta. Au unataka ukalale naye?"

Nikarudi nyumbani. Ningefanya nini?

Akafungwa. Pacha mmoja akafa kwa kuhara, baba yake hayupo. Kaka alipotoka, sokoni Bunda sabuni zimepangwa mezani, kila rangi, wala hakuna anayeuliza zimetoka wapi! Alizitazama weee, kisha akanigeukia.

"Mdogo wangu, nani alinichoma?"

Mungu wangu! Nikamtaja jirani yetu, Magesa.

Hawakusalimiana tena. Kaka alipougua, Magesa alimletea maziwa, akafukuzwa mlangoni. Nilikuwepo.

Siku ya mazishi ya Kaka, Magesa alisimama nje ya ua, analia kama mtoto. Mpaka leo akikutana nami ananiuliza, "Hivi kaka yako nilimkosea nini?" Namwambia sijui. Juzi nilifika mpaka mlangoni kwake nimwambie ukweli. Hodi ikanishinda!

Wewe unayemwonea ndugu yako wivu, acha. Na kama umeshamtenda, nenda leo ukamwambie, akutukane, akupige, lakini akusikie. Wangu nilimwachia aende kaburini anamchukia mtu asiye na kosa.