Gauni Jeupe la Kendi

Juzi huko Nchiru nilimwona mwanafunzi akimpiga mwenzake picha na kamera ya zamani, ile ya filamu. Alisogea mpaka karibu kabisa na uso wa rafiki yake, akaangalia mshale wa kupima mwanga, ndipo akarudi nyuma. Nikamuuliza kwa nini.

"Amevaa nyeupe, anti. Ukipima nguo, uso unatoka giza."

Nikakumbuka studio moja ya Majengo, na harufu ya nyama mbichi kutoka bucha ya jirani. Tulikuwa watoto, na dada yangu Kendi alikuwa amevaa gauni jeupe la komunio. Mpiga picha alisimama mbali, akazungusha lenzi taratibu hadi mshale ukatulia. Mimi nilidhani mshale ule ulikuwa unampima Kendi mwenyewe, kama mizani ya kliniki.

Picha ilipotoka, kila lesi ya gauni ilionekana. Uso haukuwepo, ni meno tu.

"Kamera yangu haina shida, mama," mpiga picha alisema. "Huyu mtoto ndiye mweusi sana."

Mama aliinamisha kichwa kana kwamba kosa ni lake. Mimi na kaka zangu tulicheka njia nzima, na tangu siku hiyo tukamwita Giza.

Kendi alianza kujipaka krimu ya kung'arisha ngozi akiwa kidato cha pili. Leo mashavu yake yana mabaka yasiyotoka.

Jioni ya juzi nilimpigia simu, nikamweleza habari ya mshale.

"Sawa, kamera ilikosea," akasema. "Na nyinyi je?"