Termosi ya Papa ku kona ya mwisho

Leo nilikuwa wa kwanza mu course ya mbio, na nikasimama mimi mwenyewe.

Tulitoka Bunia jana na famille yote kuja huku ku milima. Baridi inauma, pumzi inakosa.

Kila mwaka, ku kona ya mwisho, Papa alikuwa ananingojea na chai ya tangawizi mu termosi.
"Kunywa kwanza, mutoto wangu. Mulima haitatoroka."

Leo nikafika pale, nikanyoosha mukono.

Hakuna mutu.

Papa tulimuzika mwezi yenye ilipita. Kichwa inajua. Miguu, bado.

Wakanipita wote. Dada mumoja, wa mwisho kabisa, akapunguza mwendo:
"Ndugu, unangojea nani?"

Mukono yangu ilikuwa ingali imenyooka.

Weye ungemujibu nini?